Kila nikianza kuimba, mkono wa kushoto unafuata maneno

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, napiga dramu kanisani kwetu Morogoro, huu ni mwaka wa nne. Tangu nilipoona video ya Anderson .Paak akipiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja, kisha nikakutana na zile za zamani za Karen Carpenter, usingizi umeniruka. Nataka na mimi niweze. Nimejaribu miezi mitatu. Nikipiga bila kuimba, sawa. Nikiimba bila kupiga, sawa. Nikiunganisha, mkono wa kushoto unaanza kufuata maneno, taimu inakimbia, na ibada ikiisha sauti yote imekauka. Mwalimu wa kwaya ananiambia mshika mbili moja humponyoka, nichague. Wengine wanasema kile ni kipaji cha kuzaliwa nacho, na kwamba dramu zitaniharibia sauti. Niendelee au niache? Na wale wenzetu wanawezaje?"*

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, kwa sababu kosa unaloeleza nalijua vizuri mno. Sijakutana na mpiga dramu aliyefungua mdomo akiwa kitini bila kulifanya: anaimba neno, mkono wa kushoto unalirukia. Mimi nililifanya kwenye bendi ya dansi, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na mpiga besi hakunisemesha mpaka tulipofunga vyombo.

Hofu yako naielewa hivi: unadhani mwili wako una nafasi ya kazi moja tu, na ukiulazimisha kubeba mbili utazipoteza zote, halafu sauti nayo ifuate. Nianze na methali ya mwalimu wako, maana naona ndiyo iliyokukaa moyoni. Ni methali ya kweli kwa mtu aliyeshika vitu viwili. Ila wimbo na mpigo wake, ni nani kasema ni vitu viwili?

Nenda Dodoma ukawaone akina mama wa Kigogo wakipiga muheme. Ngoma imebanwa mapajani, mikono inapiga, kinywa kinaimba, mwili mzima unacheza, na hutamsikia hata mmoja akilalamika kwamba amebebeshwa kazi tatu. Au mkumbuke Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013. Wengi walimjua kwa taarabu, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya kimataifa ya muziki, lakini yeye alikuwa pia mtu wa unyago: msondo ameufunga kiunoni, anaupiga na kuimba, tena akiwa bibi kizee. Huyu mwimbaji wa kusimama mbele na mpiga dramu wa kujificha nyuma ni mpangilio wa jukwaa la bendi. Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa mpangilio huo. (Na msije mkaniletea sigara za Bi Kidude kama hoja ya utunzaji wa sauti. Yule alikuwa Bi Kidude.)

Sasa tuje kwenye mkono wako wa kushoto. Fanya jaribio hili hapo ulipo. Gonga meza kwa kidole, mapigo yaliyo sawasawa, huku unasema kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kisha rudia, lakini neno "tatu" ulitamke kwa mkazo mkubwa kana kwamba unamkaripia mtu. Kidole kitagonga kwa nguvu zaidi kwenye "tatu" bila kuamriwa. Kinywa na mikono vimefungwa kamba moja huko juu kichwani. Silabi yenye mkazo inavuta mkono, na pigo zito la mkono linavuta silabi. Usione haya kwa hilo, na wala usidhani umekosa kipaji, kwa sababu .Paak naye anayo kamba hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yeye anajua kila silabi yake inakutana na pigo gani.

Hapa ndipo ushauri wa walimu wengi unapopotosha. Wanakwambia ujenge "uhuru" wa viungo, mkono huu usijali ule unafanya nini, na sauti isijali mikono. Kwa uzoefu wangu, mwanafunzi anayeutafuta uhuru huo huchanganyikiwa zaidi. Kinachotakiwa ni kinyume chake: kila kiungo kijue mwenzake yuko wapi. Ukimsikiliza mpiga ngoma mzuri anapopiga tatu kwa mbili, yaani mkono mmoja mapigo matatu na mwingine mawili katika muda uleule, hapigi midundo miwili inayopuuzana. Anapiga mdundo mmoja uliosukwa, kama ukili wa mkeka. Sauti yako ni uzi mwingine katika ukili huohuo.

Tuchukue mfano wa kushika mkononi. Tuseme unapiga ule mpigo wa kawaida: haihati, yale matoazi mawili yaliyopandana, mara nane, nazo tunazihesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Kiki, ile dramu ya mguu, inaangukia moja na tatu. Sinea, ile dramu ya mkono wa kushoto, inaangukia mbili na nne. Sasa unataka kuimba neno "nitakungoja". Kwa Kiswahili mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ni ni-ta-ku-NGO-ja. Ukianza na "ni" kwenye ile "na" inayofuata mbili, basi "ta" itakutana na kiki ya tatu, "ku" itapita na haihati peke yake, "NGO" itatua juu ya sinea ya nne, na "ja" itafuatia kwenye "na" ya mwisho. Mkazo wa neno na pigo zito la mkono wa kushoto vimekaa kiti kimoja. Nina hakika hilo unaliweza hata ukiwa na usingizi.

Sasa chelewesha neno zima kwa nusu pigo tu, kama waimbaji wanavyopenda kufanya ili wimbo uwe na utamu. "Ni" inaangukia tatu, "ta" inafuatia, "ku" inakutana na sinea, na "NGO" inabaki juu ya haihati tupu, baada ya nne. Silabi dhaifu imepewa pigo zito, na silabi nzito imepewa pigo dhaifu. Mkono wako wa kushoto unasikia "NGO" inakuja, unaingoja, na sinea inachelewa. Au mdomo unasikia sinea, unaharakisha, na "NGO" inatoka kabla ya wakati wake. Kwa vyovyote vile, umeshatoka kwenye mpigo. Nadhani miezi yako mitatu imepotelea kwenye sehemu chache za namna hii, pengine nne au tano katika wimbo mzima, na wewe umekuwa ukizipita kwa kasi kamili ukitumaini kwamba safari hii zitakubali. Hazitakubali.

Chukua daftari la mistari. Chora nafasi nane, weka alama ya kiki na sinea, kisha andika chini yake kila silabi mahali inapoangukia. Nyimbo zetu za Kiswahili zinarahisisha kazi hii, kwa sababu mkazo unajulikana uko wapi kabla hata hujaanza, ingawa mtunzi anaweza kuuhamisha kwa makusudi. Ukijifunzia kwenye nyimbo za Kiingereza, kama nadhani umekuwa ukifanya, kila neno lina mkazo wake pahala pake na unajikuta unapambana na lugha na mikono kwa pamoja. Mistari ikishakaa daftarini, weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, usiimbe, *sema* maneno juu ya mpigo kama mtu anayesoma barua. Pale mkono unapoyumba, simama. Rudia silabi mbili au tatu za hapo tu, polepole kiasi cha kuchosha. Baadaye acha maneno, vumisha lahani mdomo ukiwa umefungwa. Maneno na lahani vikishakaa kila kimoja kwa zamu yake, viunganishe.

Lakini kabla ya yote hayo mpigo wenyewe uwe umezama mwilini. Umewahi kumwangalia mama lishe akikata vitunguu huku anakusimulia ugomvi wa jirani yake? Hafikirii kisu. Alifikiri zamani, siku za mwanzo, na pengine alijikata. Kitendo kikirudiwa vya kutosha, ubongo unaacha kukisimamia hatua kwa hatua na kukikabidhi kwenye sehemu za ndani zaidi zinazoendesha mazoea, kama kutembea. Akili ya juu inabaki huru kwa jambo jingine. Mtihani wangu kwa wanafunzi ni rahisi: piga mpigo wa wimbo, mimi nakuuliza jana ulikula nini, ulipika mwenyewe au ulinunua, shilingi ngapi. Kama unanijibu na haihati haitetereki, uko tayari kuweka wimbo juu yake. Ukinyamaza au ukitoa macho, bado. Mwombe mdogo wako akuulize maswali ya namna hiyo, watoto wanapenda sana kazi hiyo.

Kuna adui mmoja mdogo ambaye watu hawamtaji, naye ni roli, yale mapigo ya haraka ya kujazia nafasi. Wapiga dramu tunapenda kujaza mwisho wa mstari, pale mwimbaji anaponyamaza. Sasa mwimbaji ni wewe, na pale mwisho wa mstari ndipo unapotakiwa kuvuta pumzi. Wengi wetu tukipiga roli tunabana pumzi bila kujua. Kwa hiyo unaanza mstari unaofuata mapafu yakiwa nusu, koo linajikaza kufidia, na baada ya nyimbo tatu umeshachoka. Futa roli nusu. Msikilize Levon Helm wa kundi la The Band, Mmarekani wa Arkansas aliyeimba akiwa nyuma ya dramu kwa miaka mingi. Sikiliza vitu alivyoamua *kutopiga* pale alipokuwa akiimba. Kwangu mimi huyo ni mwalimu bora kwako kuliko .Paak, ambaye mikono yake ni ya mwendo mwingine kabisa.

Hilo linanileta kwenye sauti. Wanaosema dramu zinaharibu sauti wameuona moshi, moto hawajauona. Kupiga dramu hakugusi nyuzi za sauti. Kinachoziumiza ni kupiga kelele, na mwimbaji aliye katikati ya sinea na matoazi anapiga kelele bila kujijua, kwa sababu binadamu asipojisikia hupandisha sauti mwenyewe. Seti ya dramu ikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100, na chini ya bati la kanisa kila sauti inarudi mara mbili. Ndiyo maana baada ya ibada umekauka. Mbaya zaidi ni masikio. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unapungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Ibada zenu huchukua muda gani?

Vaa vizibo vya masikio. Vina faida ya pili ambayo ni nzuri sana kwako: ukiziba masikio unaisikia sauti yako mwenyewe ikipitia kwenye mifupa ya kichwa, na hamu ya kupiga kelele inapungua. Mwombe fundi mitambo akuelekezee spika moja ndogo yenye sauti yako zaidi ya chombo kingine chochote. Maiki iwe kwenye stendi yenye mkono, iingie kutoka upande wa haihati, ikae vidole viwili kutoka mdomoni, na mgongo wake utazame matoazi. Isikae juu. Nimeona wapiga dramu wengi wakiinua kidevu kuifuata maiki kama kuku anayekunywa maji, na kikoromeo kikivutwa juu hivyo kinachoka haraka. Kiti nacho kipandishe mpaka mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini. Ukikaa chini sana tumbo linakunjwa, na kila unapoinua mguu kwa ajili ya kiki unazibana pumzi unazozihitaji.

Halafu shusha wimbo. Kama ukisimama unaimba katika ufunguo wa G, ukikaa kwenye dramu jaribu F. Mpiga kinanda atanung'unika, mwache.

Sasa tuwaongelee hao mashujaa wako, maana kuwapenda ni vizuri lakini kamera haionyeshi kila kitu. Anderson .Paak alianza dramu kanisani akiwa mdogo, kule Oxnard, California. Unaposema umejaribu miezi mitatu, jilinganishe na hilo. Na kama video uliyoona ni ile ya mwaka 2016 kwenye kona ya ofisi ya redio ya NPR, tazama tena uone dramu zinavyopigwa kwa upole: ile ni ofisi, mashabiki wamesimama hatua chache mbele yake. Huo ndio utulivu unaoifanya sauti ikae juu ya mpigo.

Karen Carpenter naye, wa kundi la The Carpenters, alikuwa mpiga dramu tangu shule ya sekondari na alipenda kujihesabu mpiga dramu kwanza. Lakini alikuwa mfupi, watazamaji hawakumwona nyuma ya ngoma zake, na katika miaka ya 1970 akashawishiwa asogee mbele aimbe, wakatafutwa watu wengine wa kupiga nyimbo nyingi jukwaani. Hata kwenye rekodi zao kadhaa zilizovuma, dramu alipiga Hal Blaine, mpiga dramu wa studio. Hata Phil Collins, mpiga dramu wa kundi la Kiingereza la Genesis, alipoachiwa uimbaji baada ya mwimbaji wao Peter Gabriel kuondoka mwaka 1975, kundi lilimwita Bill Bruford akae kwenye dramu katika ziara ya 1976, na kuanzia 1977 akaja Chester Thompson. Collins akawa anarudi kitini pale wimbo ulipomruhusu. Kumbuka pia kwamba kwenye rekodi, sauti na dramu mara nyingi hurekodiwa kwa nyakati tofauti. Usilie ukijilinganisha na kitu ambacho hakikufanywa kwa mara moja.

Kwa hiyo, uendelee au uache? Endelea, lakini usitake kila wimbo. Ukiniuliza, ningeanza na viitikio vya wenzako: kwaya inaimba, wewe una maiki yako na unaongeza sauti ya pili. Maneno ya kiitikio yanajirudia, mdundo wake umenyooka, na ukipotea hakuna atakayejua. Kaa hapo miezi miwili. Kisha ongoza wimbo mmoja wa taratibu, ule ambao hata mtoto wa shule ya Jumapili anaujua. Mapambio ya kasi yenye sebene ndefu mwachie yule kijana anayekaa nyuma yako kila wiki akitamani kiti, maana najua yupo. Wewe simama uimbe, naye ajifunze. Na kama baada ya mwaka utagundua unafurahia zaidi kupiga tu, au kuimba tu, hujashindwa kitu. Mimi mwenyewe siku hizi naimba nyumbani tu.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Sauti ikibaki na mikwaruzo zaidi ya wiki tatu, usiendelee kunywa tangawizi na kusubiri, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akakutazame nyuzi za sauti. Ukitema damu, ukipata shida kumeza au kupumua, au ukihisi uvimbe shingoni, usingoje wiki hizo tatu. Masikio yakilia baada ya ibada na mlio usiishe kufikia kesho yake, nenda pia. Vivyo hivyo vidole vikifa ganzi au kifundo cha mkono kikiuma hata siku usizopiga. Kwa upande wa muziki, tafuta macho ya mtu mwingine hata kwa masomo machache. TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanafundisha muziki, na ukivuka bahari kuna Dhow Countries Music Academy mjini Unguja. Mwalimu aliyekaa mbele yako ataona unapobana pumzi kabla wewe hujajua.

Mwalimu wako wa kwaya usibishane naye. Mwombe ubeti mmoja na kiitikio siku ya mazoezi, isiwe Jumapili. Kabla ya hapo niandikie silabi inayokukwamisha kuliko zote, na inaangukia nafasi ya ngapi kati ya zile nane. Nadhani itakuwa ya nane, ile "na" inayokuja baada ya nne.